Tone Halijamwagika

Kwihara, Tabora
3 Machi 2024

Kwa mjukuu wangu Nawal,

Assalamu alaykum. Mimi bibi yako Salme nipo, sijafa, ingawa kwa jinsi mlivyonyamaza huko Choma mtu angedhani matanga yangu yameshaanuliwa. Msalimie mumeo Musab. Mbusu mwanao Ghadir kwenye mashavu yote mawili, asije akasema nimelipendelea moja.

Hapa mvua imenyesha mpaka ukuta wa jikoni umeinama kama mzee anayetafuta sindano. Mbuzi wamezaa. Jirani yangu Leonia anakusalimu. Bado anaamka kabla ya jogoo na kunipigia salamu yao ya mwangaluka dirishani kana kwamba mimi ni kiziwi. Wazungu wanapita kwenda kulitazama lile tembe la kale, wakirudi wananipiga picha mimi na punda wa Leonia, sijui kati yetu ni nani anayewafurahisha. Mimi mwenyewe nimechoka. Tumbo linavuruga asubuhi, jioni linanyamaza, kesho yake tena. Ni uzee. Usimwambie mtu.

Najua utauliza kwa nini sipigi simu. Simu ni ya jirani Mwanajuma, naye akinipa anaweka sauti ya juu, majirani wote wanasogea kusikiliza. Halafu nikifika mahali pa kugombeza, inakata. Mtu hawezi kugombeza kwa vipande vipande. Elimu yangu ni chuo cha Kurani na ngumbaru, lakini herufi zangu zinasimama wima kuliko za wenye vyeti.

Sasa neno langu. Mtoto amezaliwa, mmempa jina la mwanangu Qais, Mungu amrehemu, nami nikalia siku nzima kwa furaha. Arobaini imepita. Hamjamleta. Kila mtoto wa nyumba hii alitiwa Zamzam ulimini kwa mkono wangu: baba yako, shangazi zako, wewe mwenyewe uliyenitemea usoni, na Ghadir. Huyu wa jina la mwanangu ndiye akose?

Unajua maji yale yalivyofika. Babu yako Hilali aliporudi Hija alishuka stesheni ya Tabora amekikumbatia kidumu kama mtoto mchanga, sanduku la nguo amelisahau kwenye behewa. Akanikabidhi akasema, "Salme, haya yasiishe." Basi hayajaisha. Yakipungua naongeza ya kisima chetu, na yale ya Zamzam yanayabariki yale mengine, ndivyo tulivyofundishwa na waliotutangulia. Kidumu chake kilipopasuka niliyahamishia kwenye dumu la njano la mafuta ya kula. Mgonjwa akija anakunywa kikombeni, akibakiza simwagi, nayarudisha dumuni, maana maji yale si ya kukanyagwa. Tangu siku ile mpaka leo, tone halijamwagika. Waulize watu wa Kwihara. Waulize hata Wakristo wa Igalula, wanapanda treni kuja kwangu.

Kwa kuwa hamji, nimempa Kasimiri, yule konda wa basi la Igunga, kidumu kidogo. Kifuniko chake kimepotea, nimeziba kwa nailoni na kufunga fundo. Nimemwambia akiweke chini ya kiti chake. Mtie mtoto ulimini, useme Bismillahi. Na Ghadir mpe pia, nyie si mlisema aliugua malaria mlipotoka kwangu mwezi wa kumi na moja? Mpe kikombe kizima.

Uniandikie kwamba umempa.

Bibi yako,
Salme


Choma, Igunga
30 Machi 2024

Bibi yangu mpendwa,

Shikamoo. Waalaykum salaam. Ramadhani njema, Mungu azipokee funga zako. Nakuomba usifunge ikiwa tumbo halijatulia, sheria inaruhusu, na wewe unajua kuliko mimi.

Sisi wazima. Musab anashinda dukani, wakulima wanakuja kununua majembe na mbegu kwa mkopo na wanaahidi pamba ambayo bado haijachipua. Ghadir amejifunza kuhesabu mbuzi wa watu, anawapa majina ya ndugu zetu. Mmoja mweusi mwenye ndevu anaitwa Bibi Salme, usinikasirikie mimi. Qais ananenepa. Ana paji la uso la baba, hasa akikunja ndita.

Kidumu kilifika, Kasimiri alimkabidhi Musab stendi ya Igunga. Tunashukuru sana.

Barabara ya kuja huko imeharibiwa na mvua na mtoto bado mdogo kwa safari. Tutaangalia baada ya Idd.

Nimekutumia ndoo nyeupe yenye kifuniko na koki. Ukiweka maji ya kunywa humo hutahitaji kunyanyua dumu wala kuchovya kata, unafungua tu koki. Na kuna vidonge vya kutia kwenye maji, kimoja kwa ndoo nzima, unasubiri nusu saa ndipo unakunywa. Nilipewa kliniki. Nimeona vitakufaa kwa sababu ya mgongo wako.

Nakubusu mikono.

Mjukuu wako,
Nawal


Kwihara
14 Aprili 2024

Nawal,

Assalamu alaykum. Idd imekuja imepita. Nilipika pilau ya watu wengi nikala na Leonia, ambaye hata hakufunga, lakini alikula kama aliyefunga miezi mitatu. Mimi vijiko vichache tu, nikaacha. Nilifunga zote, usinifundishe dini.

Barua yako nimeisoma, nikaigeuza, nikatazama na nyuma. Umeandika habari za majembe, za pamba, za mbuzi mwenye ndevu (mwambie Ghadir nitamshika masikio), lakini nilichouliza hukujibu. Nilikuuliza umempa mtoto maji? Wewe unasema "kidumu kilifika." Hata bahasha hufika! Mimi ni mjinga wa shule, si mjinga wa watu.

Ndoo yako nimeipokea. Nimewekea maharage, panya hawaingii, ahsante. Vidonge vinanuka kama choo cha hospitali, nimempa Leonia, anafulia mashuka. Tangu lini mgongo wangu umekuwa shauri lako? Mwaka jana ulinitazama nikinyanyua dumu hukunyoosha mkono, ulikuwa unatazama tu, umekunja uso kama umeona nyoka. Nilidhani ni mimba.

Sasa sikiliza. Mwanajuma alikwenda msibani Igunga, akapitia kwako, ukampa chai na maandazi, ahsante kwa hilo. Amerudi anasema kidumu changu kiko juu ya kabati chumbani kwako, nyuma ya cherehani mbovu. Nikamuuliza, "Kimefunguliwa?" Akasema, "Bibi, nailoni imefungwa fundo juu ya fundo, kama unavyofunga wewe." Fundo hilo ni langu. Hujafungua.

Ni nani amekuambia kwamba maji yangu si Zamzam? Ni wale vijana wa msikiti mpya wanaovaa suruali fupi? Waambie mababu zao walikuwa bado hawajui kunawa wakati babu wa babu yako anavuka Ugogo na viriba vya ngozi mgongoni mwa wapagazi, maji yamegeuka rangi ya chai, na watu wakanywa wakafika huku Unyanyembe wazima, wakajenga, wakazaa, ndipo ukapatikana wewe wa kuniletea koki. Maji yale hayaharibiki. Ni ahadi. Unayakataa maji au unanikataa mimi?

Nimechoka, Nawal. Nimechoka kungoja mlangoni kama mtu anayedai. Nijibu ninachouliza, usinijibu mengine.

Salme


Choma
11 Mei 2024

Bibi,

Shikamoo. Nimeandika barua hii mara nyingi nikachana. Musab ameniambia, "Mwandikie bibi yako kama anavyokuandikia yeye." Basi naandika, unisamehe nikikosa adabu.

Kidumu sijakifungua. Kasimiri hakukiweka chini ya kiti. Kilikuja juu ya keria ya basi, juani, pamoja na mafuta ya taa ya mtu mwingine. Hata kabla ya kufungua kinanuka mafuta ya taa. Lakini hiyo siyo sababu. Hata kingekuja kwenye barafu nisingempa mtoto.

Bibi, Ghadir hakuugua malaria.

Tulipokuwa kwako alikuja yule mzee Mathias wa Igalula, amesindikizwa na mwanawe, tumbo limemwendesha njia nzima. Ulimpa kikombe. Alikunywa nusu, akatapika kidogo pembeni, akakurudishia kikombe. Wewe ukakifuta ukingo kwa kanga yako, ukamimina kilichobaki ndani ya dumu. Nilikuona. Ndiyo maana nilikunja uso. Nilitaka kusema, mdomo ukanishinda, maana ulikuwa unasoma dua huku unamimina, na uso wako ulikuwa umependeza.

Jioni ukampa Ghadir. Nilikuwa nyuma kwa Leonia. Niliporudi alikuwa anakuonyesha kikombe kitupu na wewe unampigia makofi.

Tulipofika Nzega alianza kuhara. Tulipofika Igunga hakuwa na machozi ya kulia, macho yameingia ndani. Alilazwa, akawekewa dripu, mshipa ukawa hauonekani, wakamtafutia kichwani. Nesi mmoja, Eustadia, ndiye aliyetushikilia. Aliniuliza, "Mama, mtoto alikunywa maji wapi?" Nikasema njiani. Sikukutaja.

Ulipopiga kwa simu ya Mwanajuma nilisema malaria. Nilijua ameweka sauti ya juu.

Si vijana wa suruali fupi. Zamzam naiheshimu kama wewe. Lakini maji ya kila mdomo yamo ndani ya lile dumu, Bibi, na ya kisima, na shingo ya dumu ni nyembamba, hakuna mkono unaoingia kusugua. Haliwezi kuoshwa, na wewe hutaki kulimwaga ili lioshwe. Mtu akiosha dumu huku kwetu anatia mchanga na kokoto na maji, anatikisa, anamwaga, anatikisa tena, halafu dawa. La kwako halijatikiswa tangu nikiwa mtoto.

Hata tumbo lako, Bibi. Wewe unayanywa kila asubuhi.

Nisamehe.

Nawal


Kwihara
19 Mei 2024

Nawal binti Qais,

Nimesoma.

Mzee Mathias alikuja kwangu akiwa hawezi kusimama akaondoka anatembea. Mke wa muadhini alikunywa akapata mtoto baada ya kukata tamaa. Babu yako alikufa na maji yale mdomoni, nilimtia mimi, akatabasamu. Nikupe wangapi?

Umemlaza mtoto wa watu hospitalini kwa uchafu wa njia, kwa miwa ya kuuzwa dirishani mwa basi, kwa maandazi ya stendi, halafu umekuja kutafuta wa kumtwisha. Umenipata mimi, mzee, sina wa kunitetea.

Usimlete Qais. Kidumu nirudishie na Kasimiri, na kifike na fundo lake.

Salme binti Said


Choma
8 Juni 2024

Bibi,

Shikamoo, hata kama hutaitikia.

Kidumu nimekirudisha. Fundo sijaligusa.

Sikusema maji yamekosa. Zamzam haijakosa kitu, ni dumu ndilo lililokosa. Siwezi kushindana nawe kwa maneno, hakuna aliyewahi. Nakuomba jambo moja tu. Likate. Chukua kisu, likate lile dumu la njano kutoka shingoni mpaka chini, ulifungue, utazame ndani kwa macho yako. Maji yahifadhi kwanza kwenye sufuria kama unataka, yasimwagike.

Ukikuta ndani ni peupe, niite. Nitapanda basi la kwanza na Qais mgongoni, na nitamtia maji yale ulimini kwa mkono wangu mwenyewe, mbele yako na mbele ya Mwanajuma na kila aliyesikia. Sitasema neno tena mpaka nife. Musab anajua nimeandika hivi. Amekasirika, lakini amekubali.

Ghadir anauliza kwa nini hatuji kwako. Nimemwambia barabara mbaya.

Nawal


Kwihara
7 Julai 2024

Kwa mjukuu wangu Nawal,

Assalamu alaykum wewe na Musab na watoto. Idd kubwa ilikuwa ya upepo. Sikuchinja, nilichangia na watu wa msikitini, nikapewa nyama ya shingo, nadhani wananipima meno. Leonia amevuna mpunga. Punda wake amekufa. Wazungu sasa wananipiga picha peke yangu. Ukuta wa jikoni haujaanguka. Mvua ikirudi tutaona ni nani atakayetangulia, ukuta au mimi.

Nimechelewa kukuandikia. Kalamu ilikuwapo. Mkono ndio uliokataa.

Barua yako ya kunitaka nikate dumu niliiweka chini ya msala nikasali juu yake, labda ingeondoka. Haikuondoka. Nilijiambia, Salme, huyu mtoto ameweka rehani mwanawe kwa neno lake. Wewe unaogopa kuweka rehani dumu? Nikamwita Leonia aje na panga, maana kisu changu hakikati hata nyanya. Maji tuliyamimina kwenye sufuria kubwa ya pilau, nikaifunika kwa kitambaa. Hayakumwagika. Kisha Leonia akalishika dumu kwa magoti, nami nikakata.

Lilifunguka kama samaki.

Sitakuandikia kila kitu. Ndani kulikuwa kijani, kijani cha bwawa la vyura, na chini rojorojo nyeusi. Nilipitisha kidole kikateleza. Nilikinusa. Leonia, ambaye hajawahi kunyamaza tangu abatizwe, alisema tu, "Dada Salme, haya ni mambo ya dini yako, mimi sisemi kitu," akatoka nje. Nilimsikia anatema mate nyuma ya nyumba. Na yeye amekunywa humo.

Nikakaa chini. Nilikaa mpaka kuku wakaingia ndani wakaanza kudonoa ganda la dumu, nikawafukuza.

Sasa usifikiri hadithi imeishia hapo, ukaanza kujisifu. Kabla sijasimama aliingia Mwanajuma anakimbia, kanga imemdondoka begani.

"Bibi Salme, mama anakata roho! Nipe funda moja tu nimtie."

Nikamwambia, "Sina."

"Huna? Juzi si nilikuona ukinywesha watu?"

"Dumu nimelikata."

"Umelikata? Kwa nini? Na maji yako wapi? Bibi, usinifanyie hivyo leo, leo siyo siku yake." Akaiona sufuria. "Si yale pale! Au siku hizi kuna wanaostahili na wasiostahili? Mama yangu amekufulia, amekupikia kwenye mazishi ya mumeo, leo unamnyima tone?"

Nawal, ningeweza kumpa. Mgonjwa alikuwa anakufa hata hivyo, tone lisingemwongezea wala kumpunguzia, na jina langu lingebaki pale lilipokuwa. Ningeweza pia kusema yameisha. Hapo ndipo nilipochoka uchovu ambao sijawahi kuujua, hata siku ya kumzika baba yako. Nikachukua lile ganda la dumu nikamwekea miguuni.

"Tazama," nikamwambia. "Ndiyo niliyokuwa nakunywesheni. Mama yako, wewe na wanao. Maji ni mazima, chombo changu ni kichafu. Kawaambie na wengine, una sauti."

Alitazama. Akanitazama mimi. Akasema, "Mwanangu wa mwisho alihara mwaka jana mpaka akawa kama jani." Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Nilipepea moto, nikachemsha maji ya kisima mpaka yakatokota sana, nikayapoza kwenye birika safi, nikaenda nayo mwenyewe. Mama yake Mwanajuma alikuwa anatazama dari. Nikamtia kijiko kimoja, nikamsomea. Alimeza. Hakuuliza ni maji gani. Alifariki kabla ya adhuhuri, Mungu amrehemu, na mimi ndiye niliyemwosha.

Ya sufuria nimeyapeleka makaburini nikayamwaga juu ya kaburi la babu yako, polepole, mpaka la mwisho. Nilimwambia, "Hilali, ulisema yasiishe. Yapokee mwenyewe." Kidumu ulichorudisha pia, na fundo lake, nimekifungua pale pale. Kweli kilinuka mafuta ya taa. Kasimiri nimemsubiri stendi nikamgombeza mbele ya abiria mpaka dereva akapiga honi. Anasema tangu sasa kitu cha kunywa atakipakata.

Watu hawaji tena. Barazani kwangu panapita kuku tu. Wengine wakinikuta njiani wananiamkia kwa mbali, wengine hawaniamkii. Mzee Mathias wa Igalula alituma mtu kuulizia, nikamjibu aende zahanati. Sijui nimepumzika au nimeachwa. Asubuhi bado mkono unakwenda kwenye ile kona kushika dumu, unashika hewa.

Maharage nimeyatoa kwenye ndoo yako. Vidonge Leonia amenirudishia vilivyobaki, mashuka yake meupe kama ya hotelini. Natia kimoja, nasubiri, nafungua koki kama bibi wa mjini. Bado yananuka, nisikudanganye. Lakini zahanati walinipa dawa ya tumbo pia, na wiki hii nimekula ugali mzima. Na ndoo hiyo sirudishii kitu ndani. Kinachobaki kikombeni namwaga. Kila nikimwaga nageuza uso.

Kuhusu Ghadir sitasema neno hapa. Karatasi haitoshi na mimi siyo mtu wa kusema hayo kwa karatasi. Ila niambie jambo moja, wala usinifiche kwa kuniheshimu: walipokuwa wanamtafuta mshipa kichwani, aliniita?

Barabara nimeuliza, imeshakauka. Mleteni Qais. Najua nesi wako Eustadia atasema kama walivyoniambia zahanati, mtoto chini ya miezi sita hapewi kitu isipokuwa ziwa, na hata ikitimia sitampa wakati nyie hamjaniruhusu. Utamtazama mama yake akimnyonyesha, Salme, ndivyo nilivyojiambia. Nyumba hii haijawahi kupokea mtoto mikono mitupu, na mimi ndiye niliyekuwa nikijivunia hilo mbele za watu. Basi huyu wa jina la mwanangu nitampokea hivyo hivyo. Sina cha kumtia ulimini.

Nitamshika tu. Akilia, mchukue.

Bibi yako,
Salme